Niliutaja kwa Jina Lake

“Mke wa kaka yangu hapigwi picha,” shemeji alifoka, akiziba simu ya tabibu kwa kiganja. “Mwili wa mtu usambazwe huko na huko?”

Nilifungua vifungo vya blauzi, nikawageuzia mgongo. “Mwili ni wangu, shemeji. Tabibu, piga.”

Tabibu wa zahanati yetu alikuwa amenimalizia dawa zote za fangasi zilizokuwa kabatini, na mabaka mwilini yakazidi kuenea. Mimi ni fundi cherehani. Wateja walikuwa wakija kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa. Mama mkwe alinitengea kikombe. Mume wangu alikuwa kazini mbali, na kila alipopigiwa simu aliambiwa anirudishe kwetu. Tumaini lililobaki lilikuwa daktari bingwa wa ngozi aliyeko mji wa mbali, anayetazama picha na kuwaongoza matabibu wa zahanati.

Bingwa hakukata shauri kwa picha tu. Alimwelekeza tabibu anifumbishe macho, anipapase kwa pamba.

“Ukiguswa, sema.”

Nilingoja. Nikazidi kungoja. Nilipofumbua macho, pamba ilikuwa juu ya baka la mkono, na shemeji amerudi nyuma hadi ukutani.

Bingwa akapiga simu mwenyewe. “Mama, huu ni ukoma. Unapona. Ukishaanza vidonge humwambukizi mtu, na mikono yako tumeiwahi.”

Nililia, sikatai. Kisha nikameza vidonge vya kwanza palepale.

Njiani shemeji alilainika. “Tuseme ni mzio tu. Nenda kwenu kimyakimya, upone huko.”

Upole ule ulinichoma kuliko makelele yake. Nilipofika nyumbani nilisimama kizingitini, majirani wakinitumbulia macho.

“Ni ukoma!” nilisema. “Nimeanza dawa, na siendi popote.”

Nikaketi kwenye cherehani iliyotazama barabara, nikaanza kushona mapazia yangu mwenyewe, maana kazi ya mtu haikuwepo. Watu walipita upande wa pili. Jioni mume wangu alipiga simu.

“Wanasema urudi kwenu.”

“Na wewe?”

“Usiruke dawa,” alisema. “Nakuja.”

Hata kabla hajafika, mama mkwe aliingia na kitambaa kipya kwapani. Hakuomba radhi, si tabia yake. Nilichukua futi, nikainuka nifunge mlango ili nimpime.

“Uache wazi,” alisema, akiinua mikono. “Na kiunoni usinibane.”