Mpwa wa Kepteni

"Ukiulizwa, mimi hunijui," Kepteni Sylvance Okoth, mjumbe wa kamati ya kuajiri ya kampuni moja ya ndege, alimwambia Maurine, akipangusa mafuta ya nyama midomoni. "Wewe unatumia jina la baba yako, hakuna atakayeshuku. Ingia, fanya mtihani, toka. Mengine niachie mimi."

Mama yake Maurine, dada mkubwa wa Kepteni, aliinua mikono kumshukuru Mungu pale pale sebuleni, katika nyumba yao ya mtaa wa Jericho. Maurine naye alisema asante, kisha akaisogeza sahani yake kando. Tangu apate leseni ya urubani alikuwa amepeleka maombi kila kampuni ya ndege, na hakuna iliyomjibu hata kwa kumkataa. Mtaani walishaanza kumwita rubani wa mdomo.

Siku ya mtihani alimkuta Mbinya mlangoni pa simuleta, kile chumba cha mitambo kinachotikisika na kunguruma kama ndege yenyewe. Walikuwa wamesoma urubani pamoja. Mbinya alikuwa binti wa fundi cherehani wa Pumwani, na hakuwa na mjomba popote. Aliiandikia kampuni ile mpaka wakachoka, wakamwita.

"Niaje, Mau? Nawe wamekuita?"

"Wameniita tu."

Walipangwa pamoja: mmoja arushe, mwenzake amsaidie, kisha wabadilishane. Maurine alianza. Ndege ilipaa vizuri. Mara mtahini, aliyeketi nyuma yao, akazima injini ya kushoto. Kengele zikalia, pua ya ndege ikavutwa kushoto, na Maurine, aliyekariri jambo hili usiku na mchana, akakanyaga pedali ya kushoto badala ya kulia. Ndege ikaanza kulala ubavu. Ardhi ikajaa kwenye kioo.

"Kulia, Mau! Kulia!"

Hakusikia. Mbinya akakanyaga pedali za upande wake kwa nguvu zote, ndege ikasita, ikajinyoosha. Mtahini aliandika tu.

Majibu yalitoka Ijumaa. Maurine alikuwa amepita. Mbinya alikuwa ameanguka, kwa kosa la kushika ndege bila kuamriwa.

Nyumba ilijaa vigelegele. Maurine alitoka nje, akampigia mjomba wake simu.

"Mjomba, mimi ningeiangusha ile ndege. Mbinya ndiye aliyeiokoa."

"Ilikuwa mashine, Maurine. Utajifunza ukiwa ndani."

"Na siku injini itakapozima kweli, na watu wako nyuma, utakuja kunikanyagia pedali?"

Kepteni alishusha sauti. "Sikiliza, mtoto wa dada yangu. Wakubwa wote wana watoto wao humu ndani. Nimewaona wakiingia mmoja mmoja, wengine wabovu kuliko wewe. Leo sisi wa Jericho tumepata mlango, unataka tuufunge kwa mikono yetu wenyewe?"

Maurine alikata simu. Mjomba hakuwa akisema uongo, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa marubani, Bi. Nabiswa, akamweleza habari ya pedali. Yule mama alifungua faili la mtihani.

"Kwa nini basi mtahini akupitishe?"

Maurine angeweza kusema hajui, akaondoka.

"Kepteni Okoth ni mjomba wangu," alisema.

Mtihani ukarudiwa, safari hii kwa mtahini kutoka nje. Mbinya alipita. Maurine alikanyaga pedali ya kulia kama ipasavyo, ila alichelewa, na kuchelewa kukamwangusha. Kepteni Okoth aliondolewa kwenye kamati ya kuajiri, na toka siku hiyo hakukanyaga Jericho. Mama alipika, akapakua, akamsogezea bintiye sahani bila kumtazama.

"Nilikuwa na ndugu mmoja tu, nyara, binti yangu," alimwambia jioni moja. "Mmoja."

Maurine alikusanya sahani, akaenda kuziosha.

Miezi ilipita. Siku moja Mbinya alipiga simu. Kulikuwa na kampuni ndogo pale uwanja wa ndege wa Wilson, ya kupeleka dawa na mizigo kaskazini, na ilitafuta rubani msaidizi.

"Nimewapa jina lako."

"Umewaambia nini?"

"Kila kitu. Hata ile pedali. Wamesema uje wakujaribu, ukianguka urudi nyumbani."

Alikwenda. Walimzimia injini mara tatu, na mara zote tatu mguu ulikwenda mahali pake kwa wakati. Siku hizi anapeleka dawa Wajir na Mandera. Mama humwombea kila asubuhi kabla hajatoka, halafu humpigia simu ndugu yake. Kepteni bado hapokei.