Msindikizaji wa Mchangani

Mimi sipendi safari. Safari hii nilivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji kwa sababu aliyeniita ni Ancha. Vita vilipowafukuza Palma, yeye na mumewe Amisse walikaa kwangu Mikindani, tukagombania jiko moja mpaka tukawa ndugu. Sasa wamerudi kwao. Ancha anapikia wajenzi wa mradi wa gesi kambini Afungi, Amisse anatengeneza friji. Walinilaki kwa pweza wa nazi, nikala mpaka nikaona haya.

Kilichomfanya aniite nilikijua kabla hajasema. Mama yake, Bi Sumaia, hakuonekana tena tangu siku ile ya kukimbia. Ndugu walikuwa wanamshinikiza Ancha akubali tu, hitima isomwe, mambo yaishe. Yeye akiwajibu kwamba mtu hasomewi hitima akiwa hai. Hakuwa na kaburi wala habari, na alikuwa amekonda hadi pete inamvuka kidoleni. Nilimwonea huruma sana.

"Dada Somoe," akaniambia, "wavuvi wanasema ua wa mama kijijini unafagiwa. Nataka uende na mimi, uone kwa macho yako. Amisse ananiona nimechanganyikiwa."

"Sijasema hivyo," Amisse akadakia. "Nimesema calma, tulia kwanza. Wanaofagia wanaweza kuwa tropa."

"Wanajeshi na ufagio wapi na wapi, shemeji?"

Akacheka, lakini kesho yake alivaa viatu akaja nasi.

Asubuhi walinitembeza pwani kama mgeni wa heshima. Nikaonyeshwa uzio wa Afungi kwa mbali, nikaonyeshwa upande kiliko kisiwa cha Vamizi, nikapigwa picha juu ya jiwe kama bibi harusi. Ancha alikuwa anacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake, nami nikajua anaogopa. Maji yalipokupwa tukavua viatu, tukavuka mkondo uliotufika magotini, tukaenda Mchangani, kijiji chao cha zamani.

Kimya cha pale sikukipenda. Nyumba hazikuwa na mabati, magugu yameingia madirishani, hata kunguru hakuwapo. Kisha tukafika kwa Bi Sumaia. Ua ulikuwa msafi kabisa. Majani ya mkorosho yamekusanywa pembeni, na mistari ya ufagio ilikuwa mipya, haina unyayo hata mmoja juu yake. Sisi wanawake tunajua maana yake. Ukitaka kufagia usiache nyayo, unafagia huku ukirudi nyuma. Mistari ile ilirudi nyuma mpaka kizingitini, kwa hiyo aliyefagia alikuwa ameingia ndani.

"Hodi!" Ancha akaita. "Hodi, mama!"

Hakuna aliyeitika. Amisse akasukuma mlango, nasi tukachungulia. Ndani mlikuwa na jua, maana paa halikuwapo, na nyasi zilikuwa zimeota sakafuni zikatufika kiunoni. Hapakuwa na unyasi uliolala. Hakuna mtu aliyekanyaga mle kwa muda mrefu.

Ancha akaketi kizingitini mpaka Amisse akamshika bega. "Maré inapanda, maji yanarudi," akamwambia. "Twende."

Sasa mimi nimelelewa na bibi mkali, na kwa bibi yangu huondoki kwenye mji wa watu bila kuaga. Mdomo ukajiendea wenyewe. "Haya Bi Sumaia, sisi tunakwenda. Ahsante kwa kutupokea."

Amisse akasimama. "Shemeji, umemuaga nani?"

"Nimeaga mji. Kuna ubaya?"

"Ukimuaga mtu, atakusindikiza."

Nikamwambia aache ushamba. Lakini tulipofika kwenye mchanga wenye unyevu, nikageuka. Nyuma yetu kulikuwa na nyayo zetu watatu, na pembeni yake nyayo za mtu wa nne. Mguu wa kulia ulikanyaga vizuri. Wa kushoto uliburuzwa.

"Mama alichomwa na samaki taa mguu ule," Ancha akasema taratibu. "Hakupona sawasawa."

Tulitembea. Sikuziona nyayo zile zikipigwa hata mara moja. Kila nilipogeuka zilikuwapo tayari, na zilikuwa karibu zaidi. Tukisimama, hazisogei. Nikasoma kila aya niliyoikumbuka, na nyingine nadhani nilizichanganya.

Kwenye mkondo maji yalikuwa yameshafika mapajani na yanavuta. Nikajua la kufanya, maana kila mtu wa pwani analijua: msindikizaji harudi mpaka mgeni amwambie rudi, umenifikisha. Nikafungua kinywa. Ancha akaniziba kwa kiganja.

"Usimwambie arudi! Nitavuka naye."

"Ancha, maji yanajaa."

"Basi yajae! Siku ile alitusindikiza mpaka hapa hapa. Anaogopa maji, akakataa kupanda mashua. Watu wanapiga mayowe, mimi nikapanda, yeye amesimama ananitazama. Sikumwambia rudi, dada. Niliona nikimwambia rudi, ndio nimemwacha."

Nilikuwa na hofu ya kufa, lakini kwa maneno yale moyo uliniuma kuliko hofu. "Mwenzangu," nikamwambia, "basi bado amesimama. Na mimi si wa kumruhusu. Ni wewe."

Amisse alikuwa majini tayari, ametunyooshea mkono. Ancha akageuka. Nyayo zilikuwa zimemfikia, mbili pamoja, vidole vimeelekea vidole vyake, na maji yanachuruzika ndani yake. Akaziinamia.

"Mama," akasema. "Umetufikisha. Rudi sasa. Rudi ukapumzike."

Wimbi dogo likaja, likazifuta. Nilipoinua macho, kwenye mchanga wa juu kulikuwa na mstari mwingine wa nyayo, zinaelekea kijijini, wa kushoto unaburuzwa. Hatukungoja kuona zinaishia wapi. Tukashikana mikono tukaingia, na maji yakatufika kifuani.

Ng'ambo wanawake walikuwa wanamalizia kuokota kombe. Mmoja akamtambua Ancha, akamsalimu kwa furaha. "Habari za huko, mwanangu?"

"Nimefiwa," Ancha akamjibu. "Nimefiwa na mama."

Wakatua vikapu vyao, wakaja kumshika.