Cheti Kilichopigwa Plastiki

Baba yangu hakuwahi kukiamini kitu kisichofunikwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, kochi lilikuwa na kitambaa chake, na rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya mfuko wa nailoni tangu siku iliponunuliwa. Kwa hiyo nilipopata safari ya kuja huku ng'ambo kufanya kazi, alikichukua cheti changu cha kuzaliwa bila kuniuliza, akakipeleka steshenari, wakakipiga plastiki pande zote mbili. Alinikabidhi kwa mikono miwili.

"Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake na hakuwahi kuniita vingine, "sasa hata kikinyeshewa hakifi."

Kibali changu cha ukaazi kilipokaribia kwisha, ofisi ya uhamiaji ilitaka pasipoti na cheti cha kuzaliwa, vyote halisi, vitumwe kwa posta. Si kwenda kuvionyesha na kurudi navyo. Kuvituma. Ofisi yenyewe iko mji mwingine na haina dirisha la kupokelea watu, ina anwani tu. Ninaishi chumba kimoja na mwanamke anayefanya usafi hospitalini. Tunamwita Wakili, kwa sababu maombi yake yamekataliwa mara nyingi mpaka sheria zote zimemkaa kichwani. Yeye ndiye aliyenifungia bahasha.

"Kwani nikituma nakala ya kivuli?" nikamwuliza.

"Watakurudishia kivuli chako, halafu na wewe wakurudishe kwenu. Hawa, dada, hawataki picha ya mtu. Wanataka mtu mwenyewe, wamkunje wamtie kwenye bahasha."

Karani wa posta aliitupa bahasha yangu kapuni, juu ya vifurushi vya watu waliorudisha viatu visivyowatosha. Mimi kazi yangu ni kunyoosha mashuka ya hoteli kwenye pasi kubwa ya roli, na pale kazini shuka likipoteza lebo huwekwa pembeni, hata liwe safi vipi, kwa kuwa hakuna anayejua lirudishwe wapi. Hivyo ndivyo nilivyojiona nikitembea kurudi nyumbani.

Bahasha ilikuwa bado iko uhamiaji kaka yangu alipopiga simu. Figo za baba zilikuwa zimechoka.

"Daktari anasema mje mmwone," akasema.

Mje. Baba ana watoto wawili tu, na kaka alikuwa amekaa ubavuni pa kitanda.

Nikaanza kupiga simu uhamiaji wakati wa mapumziko ya kazi, nimesimama karibu na mashine za kukaushia. Muziki, halafu sauti ya kurekodiwa, halafu muziki tena. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku nilipompata binadamu, alizungumza kwa upole. Pasipoti naweza kurudishiwa, alisema, ila hapo nitakuwa nimeliondoa ombi langu, na nikitoka sitaruhusiwa kuingia tena. Nikashukuru, nikakata. Mshahara wangu ndio uliokuwa ukimlipia baba kusafishwa damu. Kwenda kumwona kulikuwa ni kumzimia mashine.

Kisha bahasha ikarudi. Nilipoipapasa nilihisi kitu kigumu, lakini ndani hamkuwa na pasipoti. Kilikuwemo cheti peke yake, na barua: hakiwezi kupokelewa kwa sababu plastiki inazuia kuichunguza karatasi na muhuri. Nikitume tena bila plastiki, au nilete kingine. Pasipoti itabaki kwao.

Wakili aliisoma, akavua miwani. "Kingine unakipata kwenu, kwa kwenda mwenyewe na pasipoti," akasema. "Na pasipoti wanayo wao."

Nilicheka. Sijui kwa nini. Kisha nikaona hasira imenipanda, na aliyenikera si uhamiaji. Nilimkasirikia mzee mgonjwa na plastiki yake.

Jumapili nilitandika taulo mezani, nikaweka kitambaa cha pamba juu ya cheti, nikapitisha pasi ya vuguvugu. Kuanzia pembeni plastiki ililegea vizuri, na muhuri ukabaki mahali pake. Nikasema afadhali. Chini kabisa, pale baba alipoweka dole gumba siku aliyokwenda kuandikisha kuzaliwa kwangu, karatasi iligoma. Nilivuta taratibu, Wakili akashikilia upande wa pili, na dole likabanduka pamoja na plastiki. Kwenye cheti pakabaki weupe wenye manyoya.

"Kitume hivyo hivyo," Wakili akasema kwa sauti ya chini.

Jioni ile ile kaka alimshikia baba simu. Uso ulikuwa umebaki mifupa.

"Mama, unakuja lini?"

"Wakishanirudishia pasipoti tu, baba."

Akavuta pumzi. "Na cheti? Bado kizima?"

"Kizima, baba."

"Niliwaambia," akasema, na akatabasamu kabisa, akimtazama kaka. "Plastiki inasaidia."

Baba alizikwa siku ya kazi. Msimamizi aliniruhusu nikae stoo ya sabuni, na kaka alinyoosha simu juu ya mabega ya watu. Niliona migongo zaidi kuliko kaburi. Mtandao ulipokatika nikarudi kwenye roli, maana mashuka hayangojei matanga.

Pasipoti ilifika baadaye, na kibali kipya ndani yake, cha miaka mingi, ruksa kutoka na kuingia nitakavyo. Cheti nacho kilikuwemo. Hakuna aliyeuliza dole limekwenda wapi. Hilo ninalo mimi, kwenye kipande cha plastiki, chini ya foronya.

Nilimpigia kaka kumwambia. Naye alikuwa na habari yake: cheti cha kifo cha baba kimetoka, na amekwishatoka nacho steshenari.

"Nimekipiga plastiki," akasema. "Pande zote mbili. Si unajua mzee angetaka hivyo."

Nilikichomoa kile kipande chini ya foronya, nikakitazama.

"Umefanya vizuri, kaka," nikamwambia.