Beki wa Kulia wa Vadu Corbilor

Jumapili tarehe 8 Novemba 1998, saa kumi na moja kamili jioni, tope lilitokea kwenye mguu wa kulia wa Msabaha. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ghorofa ya nne, katika nyumba iliyopangishwa nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda, akishona mdomo wa robota la mwisho la siku ile. Miguu yake ilikuwa mitupu. Hakuwa ametoka nje tangu asubuhi, na Guangzhou haikuwa imepata mvua kwa siku kumi na moja. Tope lenyewe lilikuwa jeusi na la baridi, na ndani yake mlikuwa na vipande vya majani.

Mwanahija, mwenye robota, alitazama sakafu.

"Msabaha, hapo nshapiga deki."

"Naona, dada."

"Sasa hilo tope la wapi?"

Msabaha alichota kidogo kwa kidole akalinusa. Lilinuka kinyesi cha kondoo.

"La Vadu Corbilor," alisema. "Upande wa goli la kinuni."

Mwanahija akamtandikia gazeti chini ya miguu. Katika dakika zilizofuata alama tatu za njumu zilijichora kwenye shavu la mguu wake, na kiwiko ambacho hakikuonekana kilimpiga ubavuni hadi kiti kikapinda. Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano kila kitu kilitulia. Saa kumi na mbili kamili kikaanza tena. Msabaha alikuwa amecheza mpira tangu ana miaka tisa, hivyo hakuhitaji kuambiwa kwamba yale yalikuwa mapumziko.

Romania miaka ile ilikuwa na madaraja manne ya ligi. La nne liliendeshwa na mikoa, na mechi zake nyingi zilichezwa Jumapili saa tano asubuhi, wanaume wakishatoka kanisani na kondoo wakishaondolewa uwanjani. Klabu ya kijiji cha Vadu Corbilor iliitwa Recolta, maana yake mavuno. Mwenyekiti wake, Bwana Onofrei, ndiye pia aliyekuwa na kinu cha unga. Msabaha, mzaliwa wa Temeke, alipelekwa huko mwaka 1996 na wakala aliyemwahidi klabu ya mji mkuu. Wakala alimshusha kijijini, akasema ni kwa wiki mbili, na hakurudi. Msabaha alicheza misimu miwili, beki wa kulia, akilala kwenye stoo ya kinu. Hakuwa na saa. Siku ya mechi aliamshwa na king'ora cha kinu na kujua kwamba muda umefika.

Kule, kabla ya kila mechi, kadi za wachezaji hupangwa juu ya meza ya mwamuzi, moja moja, picha ikitazama juu. Mwamuzi huita jina, mtu hujibu, kadi inakubaliwa. Asiye na kadi hachezi. Juni 1998 Msabaha aliomba kadi yake ili aondoke. Onofrei alimjibu kwamba kadi ni mali ya klabu, kama jezi na nyavu. Msabaha akaondoka bila kadi, akaenda kutafuta kazi Guangzhou. Alidhani kwamba kadi bila mtu ni karatasi tu.

Novemba ile Recolta walipungukiwa na wachezaji. Onofrei alifungua kabati, akaitoa kadi, akaipanga mezani pamoja na nyingine. Mwamuzi aliita jina.

Tarehe 15 na tarehe 22 mambo yalikwenda vilevile. Mara ya tatu alikuwepo mgeni, Bonaventure, Mkongo wa Lubumbashi aliyewahi kufundisha Kifaransa na ambaye sasa alinunua viatu vya jumla kule soko la Zhanxi. Alikuwa amekuja kuchukua majora mawili ya kitenge cha mke wake. Alikaa, akapewa andazi, akamtazama Msabaha akiyumba kwenye kiti.

"Munashinda?" aliuliza.

"Sijui, kaka Bona. Sioni kitu. Nasikia mwilini tu."

Dakika chache baadaye Msabaha alisukumwa mbele kama mtu aliyerukiwa mgongoni, kisha akarukiwa tena.

"Tumefunga," alisema.

"Nani amefunga?"

"Nitajuaje? Mimi beki."

"Hata ungekuwa mbele usingefunga wewe," Mwanahija alisema, akimwekea chai ya tangawizi tayari kwa mapumziko. "Nilikuona ukicheza Temeke."

Baada ya hapo theluji iliisimamisha ligi ya kule. Desemba, Januari na Februari Msabaha alikuwa mzima, na Jumamosi asubuhi alianza kucheza kwenye uwanja wa vumbi karibu na mto, katika wilaya ya Haizhu, ileile lilipo soko la Zhongda. Huko alionwa na Luo, kocha wa timu ya kiwanda cha feni iliyokuwa katika ligi ya jimbo. Luo alimtazama Jumamosi nne. Ya tano alimfuata Mwanahija, kwa kuwa yeye alijua Kichina cha sokoni, akamwambia kwamba anamtaka yule beki. Kiwanda kingempa kazi, kitanda na kibali. Usajili ulikuwa unafungwa tarehe 31 Machi, saa kumi na moja jioni. Kilihitajika kitu kimoja tu: barua ya kuachiliwa kutoka klabu ya mwisho aliyoichezea.

Msabaha alikuwa na miaka ishirini na sita. Kiwanda hakikusajili mgeni aliyevuka umri huo, kwa hiyo mwaka wa kusubiri haukuwepo.

Bonaventure ndiye aliyemwandikia Onofrei faksi, kwa Kifaransa, na ndiye aliyesoma majibu. Kiromania na Kifaransa vina ukoo mmoja, naye alikielewa kwa kwenda polepole na kidole chini ya mstari. Jibu la kwanza lilifika tarehe 2 Machi.

"Asema weye hauwezi kuachiliwa," alisoma. "Asema uko mchezaji wa lazima."

"Lakini mimi nipo hapa."

"Njo vile niliwaandikia. Asema Novemba weye ulifika dimanche tatu, Jumapili tatu. Unatokea upande wa kinu, unavaa namba mbili, unacheza, unaenda. Hausemi. Haukuli. Haulali kwao." Aligeuza karatasi. "Asema tangu umeanza kufika namna ile, hakuna hata lalamiko moja limetoka kwako. Anakushukuru sana."

"Ananishukuru?"

"Iko hapa, ndugu. Na muhuri."

Mwanahija aliomba kuuona muhuri. Ulikuwa na masuke mawili ya ngano. "Mzuri," alisema, akamrudishia karatasi.

Ligi ilirudi tarehe 14 Machi. Siku hiyohiyo waliandikia chama cha mpira cha mkoa ule. Jibu lilikuja tarehe 19, likiwa limeambatana na nakala ya ripoti ya mwamuzi ili kuondoa shaka. Namba mbili, Msabaha, alicheza dakika zote tisini na kuonyeshwa kadi ya njano dakika ya 63 kwa kubishana. Mwanahija alifungua daftari lake la vipimo vya vitambaa, ambamo tangu Novemba alikuwa akiandika nyakati ili ajue lini atandike gazeti na lini achemshe chai. Chini ya tarehe 14 aliandika hivi: saa kumi na mbili na dakika kumi na nane, kasimama, kainua mikono, kafungua mdomo bila sauti, kakaa. Bonaventure alipiga hesabu kwa vidole. Kipindi cha kwanza, mapumziko, dakika kumi na nane juu yake. Ilikuwa dakika ya 63.

"Nilikuwa nabisha nini?" Msabaha aliuliza.

"Hawajaandika."

Barua ya chama ilimalizia kwa kanuni. Mchezaji ambaye hajakosa mechi hahesabiwi kuwa ameondoka, na asiyeondoka hawezi kuachiliwa msimu ukiwa katikati.

Luo hakukata tamaa. Alisema wakurugenzi wa kiwanda wakimwona Msabaha uwanjani na kumpenda, wataandika wao wenyewe kwa shirikisho la taifa, na barua ya kiwanda kikubwa husomwa tofauti na barua ya muuza viatu. Akapanga mechi ya kirafiki Jumapili tarehe 28 Machi, saa kumi jioni.

"Saa kumi hapana," Mwanahija alimwambia. "Saa kumi na moja ana mechi nyingine."

Luo alifikiri. Aliona ni sababu ya haki. Wakaivuta mechi hadi saa tisa alasiri ili iishe saa kumi na dakika arobaini na tano, robo saa nzima kabla. Mwanahija aliandika nyakati hizo kwenye daftari na kuzipigia mstari.

Tarehe 28 kulikuwa na jua na joto la nyuzi ishirini na sita. Wakurugenzi watatu walikaa chini ya mwavuli. Katika kipindi cha kwanza Msabaha alinyang'anya mipira tisa, akatoa krosi nne, na moja ikazaa goli. Wakati wa mapumziko mkurugenzi mmoja alimuuliza Luo jina la mchezaji huyo linaandikwaje. Luo aliliandika kwenye kiganja chake mwenyewe na kumwonyesha.

"Umesikia?" Mwanahija alimwambia Msabaha, akimpa chupa ya maji. "Wanauliza jina. Usijifanye mbele, kaa nyuma kwako, ucheze hivyohivyo."

"Saa ngapi sasa?"

"Kumi kasoro dakika mbili. Una saa zima."

Kipindi cha pili kilianza saa kumi kamili. Saa kumi kamili pia pumzi ya Msabaha ilianza kutoka kinywani kama moshi, kama inavyotoka kwa mtu aliye kwenye baridi, na njumu zake zikajaa tope jeusi juu ya uwanja mkavu. Aligeuka akamtazama Mwanahija. Mwanahija alitazama saa yake ya mkono, akaitikisa, akaisikiliza. Ilikuwa inatembea.

Kwa nusu saa alijaribu kucheza mechi zote mbili. Mara mbili alirukia mpira ambao haukuwepo. Mara moja aliuacha uliokuwepo ukapita, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umeshikwa jezi na mtu mwingine mahali pengine. Saa kumi na dakika thelathini na moja, akiwa amesimama peke yake karibu na kibendera cha kona, mfupa wa ugoko wake wa kulia ulivunjika. Mchezaji aliyekuwa karibu naye zaidi alikuwa umbali wa mita kumi na nne. Mlio ulisikika hadi chini ya mwavuli.

Luo alipiga magoti kando yake, akagusa tope kwenye njumu, akalisugua kati ya vidole viwili. Kisha akatoa fomu ya majaribio na kuandika, katika nafasi ya maelezo, kwamba mchezaji aliumia akiichezea timu nyingine.

"Luo laoban, bosi, hebu ngoja kidogo," Mwanahija alisema. "Hiyo kalamu iweke kwanza."

"Timu mbili, bu xing," Luo alisema. Haiwezekani. Alisema hivyo kwa upole, na alisaidia kubeba machela hadi barabarani.

Faksi ya Vadu Corbilor ilifika Jumatatu. Bonaventure aliileta hospitali, lakini kabla ya kuisoma aliwaonyesha tarakimu ndogo za saa zilizochapwa juu ya karatasi na mashine ya kule. Faksi ya kwanza ilikuwa nyuma ya saa ya Guangzhou kwa saa sita; hii ilikuwa nyuma kwa saa tano.

"Bamesogeza saa," alisema. "Usiku wa kuamkia jana. Kila mwaka, mwezi huu, banasogezaka mbele saa moja."

"Nani kasogeza?"

"Inchi yote."

Mwanahija alitazama saa yake ya mkono. "Nchi nzima," alisema, "wamekaa, wakakubaliana kuidanganya saa?"

"Njo vile."

Akamgeukia Msabaha. "Na wewe umekaa kwao miaka miwili."

"Mimi nilikuwa naamshwa na king'ora, dada."

Bonaventure alisoma ripoti. Recolta walitoka sare ya bao moja kwa moja ugenini. Dakika ya 31 namba mbili aligongwa mguuni, akatibiwa kwa maji baridi, akaendelea hadi mwisho. Chini, kwa mkono wake, Onofrei aliongeza kwamba hajapata kuona mchezaji mwenye moyo kama ule, na kwamba mechi inayofuata ni tarehe 4 Aprili, nyumbani.

Tarehe 31 Machi, saa kumi na moja jioni, usajili wa ligi ya jimbo ulifungwa. Katika orodha ya kiwanda cha feni nafasi ya beki wa kulia ilijazwa na kijana wa Foshan.

Jumapili tarehe 4 Aprili, saa kumi kasoro dakika tano, Mwanahija alitandika gazeti chini ya kiti cha plastiki. Msabaha aliketi, mguu wake wa kulia ukiwa ndani ya hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, kuanzia vidole hadi juu ya goti. Bonaventure alishika mgongo wa kiti kisipinduke. Saa kumi kamili hogo lilianza kuchafuka kwa chini. Saa kumi na dakika tisa lilipata ufa wa kwanza. Msabaha aliuma taulo. Saa kumi na dakika ishirini na mbili alisukumwa mbele, kama mtu aliyerukiwa mgongoni.

"Mumefunga," Bonaventure alisema.

Saa kumi na dakika arobaini na tano Mwanahija alileta chai. Aliokota vipande vya hogo, akabadilisha gazeti. Msabaha alikunywa kikombe chote. Saa kumi na moja kamili kipindi cha pili kilianza.