Radhi Iliyokwama

Saa nne na nusu asubuhi, gari lililobeba jeneza la mzee Riungu likiwa bado njiani, kompyuta ya sebuleni ilifika asilimia thelathini na tano ikagoma. Inasakinisha masasisho, ilisema. Usizime kompyuta yako. Gacheri, binti ya marehemu, alikuwa ameketi mbele yake na gauni jeusi na viatu vya kuazima, akikodolea macho vile vidoti vinavyozunguka bila kufika popote. Kichwa kilianza kumwuma, lakini hakuthubutu kutazama kando.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na sauti ya baba yake, dakika sita. Bila sauti hiyo, hangeruhusiwa kumtupia baba yake udongo kaburini.

Mambo yalianza miaka minane nyuma, Gacheri alipoolewa Embu na Nthiga, kijana ambaye mzee alikuwa amemkataa mara tatu. Riungu alikuwa na hasira za karibu. Alisimama uani hapo Kianjai, ndugu zake wote wakisikia, akasema: siku nikifa, mkono wa huyu usiguse udongo wangu. Na katika ukoo wao, neno zito la mzazi lililotamkwa mbele ya watu huondolewa na kinywa kile kile, na watu wakisikia. "Aliniambia" haitoshi. Mwezi uliopita, hospitalini, mzee akiwa amebaki mifupa na macho, alimwambia Gacheri atoe simu amrekodi. Akaliondoa neno lake polepole, kwa Kimeru, akikohoa katikati. Siku nne baadaye alifariki.

Sasa, mtu mwenye akili zake angeiweka sauti hiyo mahali kumi. Gacheri alikuwa na akili, ila alikuwa na msiba pia, na siku hizi msiba huja na kundi lake la WhatsApp. Watu mia mbili na kumi, kila mmoja na mshumaa wake unaowaka, na Zaburi yake yenye maua, na video ya kwaya ambayo hakuna aliyeiomba. Kufikia Jumanne simu ilikuwa imejaa pomoni. Akahamishia sauti kwenye kompyuta ya kaka yake Muriithi, akaifuta kwenye simu ili apate nafasi. Hakuirusha kwenye kundi kwa sababu maneno ya radhi hayarushwi kama tangazo la mchango. Alitaka yasikike kwenye spika, watu wakiwa wamesimama.

Asubuhi hiyo aliwasha kompyuta achape nakala kumi zaidi za ratiba ya mazishi, akaiunganisha na mtandao wa simu. Ujumbe wa masasisho ukachomoza pembeni. Akaubonyeza uondoke, kama mtu anayefukuza nzi, na majuto ni mjukuu. Mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe, ikaanza kuhesabu.

Alimpigia Njiru, fundi wa kompyuta wa Meru mjini aliyemuuzia Muriithi mashine hiyo.

"Iko kwa ngapi?" Njiru aliuliza.

"Thelathini na tano. Imekaa hapo nusu saa."

"Chomoa kila kitu kwanza. Printa, flashi, waya wa simu. Apdeti ingine hukwama juu ya hivyo vitu."

Alichomoa vyote. Thelathini na tano.

"Haya, angalia hiyo taa ndogo hapo mbele. Inawaka-waka?"

"Inawaka-waka."

"Basi iko kazi. Usiizime, madam. Wacha tu. Inaweza kumaliza hata masaa tatu."

"Njiru, tunazika saa saba."

"Pole sana, madam. Lakini hiyo faili haijapotea, hiyo nakuambia ukweli. Ikikataa kabisa, niletee mashine Jumatatu, nitoe diski, nikupatie sauti yako."

Jumatatu! Leo ilikuwa Jumamosi. Kufikia Jumatatu mzee angekuwa amelala siku mbili chini ya udongo ambao binti yake hakuugusa. Subira yavuta heri, husema watu, na wanaosema hivyo huwa hawana jeneza mlangoni.

Jeneza lilifika, ibada ikaanza hemani, na spika zikamletea kila neno mle sebuleni. Ratiba aliijua yote, maana ndiye aliyeichapa. Nyimbo zikapita. Wasifu ukasomwa, jina lake likatajwa la tatu kati ya watoto wanne. Majirani wakaongea, na jirani mmoja, Mungu amjalie, akaongea dakika ishirini na tano. Gacheri alitamani aongee mpaka jioni.

Mlango ukafunguka. Akaingia Kathuri, mdogo wa marehemu, aliyekuwa ametoka Laare alfajiri. Sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo.

"Iko wapi hiyo sauti?"

"Inafunguka, baba mdogo."

"Uliniambia hivyo asubuhi."

"Iko, haki ya Mungu. Nilimrekodi mwenyewe, na hii mikono yangu."

"Mimi sijakuita mwongo, Gacheri. Lakini nilimsikia akikukataa, kwa hii maskio. Nataka hii maskio imsikie akikurudisha. Mama yako amenisihi tangu jana, lakini mama hawezi kataa mtoto wake."

Akatoka. Mahubiri yalipokaribia mwisho, ile taa ndogo ilizimika na haikuwaka tena. Gacheri alipiga simu tena.

"Sasa hapo ndiyo imekwama kweli," Njiru alisema. "Finya hiyo kitufe ya kuwasha, ushikilie mpaka izime. Ungoje kidogo, halafu uwashe."

Akashikilia, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa shule, huku akimwomba Mungu, na baba yake, na yeyote yule anayehusika na kompyuta. Ikazima. Akaiwasha. Inarejesha mabadiliko, ikasema. Usizime kompyuta yako.

"Hiyo ni poa, inarudi vile ilikuwa," Njiru alisema.

"Itachukua muda gani?"

"Hiyo sasa sijui, madam."

Nyimbo zilikuwa zimehamia nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kaburi lilipochimbwa. Gacheri akakimbia, kiatu kimoja kikimtoka. "Nipeni nusu saa!" alilia. "Nusu saa tu, nawaomba!" Mchungaji alimtazama Kathuri. Kathuri alitazama wingu lililokuwa likipanda kutoka milima ya Nyambene, kisha umati. "Watu wametoka mbali," alisema.

Watoto waliitwa kwa majina watupe udongo, kama ratiba ilivyoandikwa. Mchungaji alipofika jina la tatu, Kathuri aliinua kiganja, na mchungaji akaliruka. Hakuna aliyemshika Gacheri wala kumsukuma. Alisimama tu, mikono mitupu, akawatazama vijana wakijaza kaburi na kushindilia udongo kwa sepetu, na alilia kilio ambacho hakuwa amekilia hata siku ya kifo.

Watu walipoenda kula, alirudi ndani. Kompyuta ilikuwa imefunguka. Picha ya watoto wa Muriithi ilikuwa pale inatabasamu, kila faili mahali pake, kana kwamba hakuna lililotokea. Alipandisha sauti mpaka mwisho, akabonyeza.

"Mimi Riungu," mzee alisema, akakohoa kwa muda mrefu. "Nilisema neno mbaya, nikiwa na hasira. Leo nalirudisha. Mkono wa Gacheri ni mkono wangu. Siku hiyo yeye awe wa kwanza kunifunika."

Nje vijiko vilinyamaza. Kathuri alikuwa amefika mlangoni na sahani mkononi, kofia bado kichwani. Aliiweka sahani chini.

"Rudisha," alisema.

Akairudisha. Mzee akakohoa tena, akasema tena.

"Rudisha tena."

Mara ya tatu Kathuri alivua kofia, akatoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amebeba udongo mbichi kwa mikono miwili, ukimwagika kwenye zulia. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. Akamnyooshea Gacheri mikono hiyo.

"Shika, mwanangu. Twende utupe."

Gacheri aliutazama udongo.

"Nitupe wapi, baba mdogo?"