Jodari wa Shemsa

Aliyemkosesha raha Bi Wanu siku tatu nzima hakuwa jini wala adui. Alikuwa kaka yake mwenyewe, Mwalim Msabah, yeye na gazeti lake.

Mwalim Msabah alikuwa na chuo cha Kurani pale mtaa wa Kiponda, na mtaani hapakuwa na wa kumfikia kwa kusoma. Herufi za Kiarabu angezisoma hata usingizini. Za Kizungu kajifunza ukubwani, polepole, kwa kidole, na kila alasiri akiwasomea watu gazeti barazani. Bi Wanu, ambaye herufi hizo hazijui hata moja, husikiliza nyuma ya mlango.

Jumatatu moja, mwaka wa hamsini na nne, habari ilikuwa ya bahari. Mwalim akasafisha koo. Wataalamu wamepima tena maji na samaki, akasoma, na bahari za upande wetu wamezikuta salama, watu wale samaki bila ya hofu. Barazani wakahimidi. Hapo Mwalim akakwama kidogo, akasema mpiga chapa kakosea, akaendelea: huko bahari ya mbali Wazungu wamejaribu bomu, majivu yake yamewaangukia wavuvi wa Kijapani wakaugua, na jodari wao wamekutwa na sumu isiyoonekana kwa macho. Wamefukiwa ardhini, na watu wameonywa wasiwale.

"Mmesikia?" akasema, akilikunja gazeti. "Kwanza walidhani salama. Kisha ndiyo wakagundua!"

Nyuma ya mlango Bi Wanu akamkumbuka Shemsa. Shemsa, mke wa mwanawe Miraji, alikuwa na mimba ya miezi saba, na tangu mwezi wa tatu hatamani kitu ila jodari. Mimba mbili za kabla ziliharibika. Hii imekaa, na aliyekuwa akimhimiza Miraji kila asubuhi akimbilie sokoni Marikiti, akamchagua jodari kipande kwa kipande, akamkaanga, akamkamulia ndimu, ni nani? Si yeye Wanu?

"Mjukuu wangu nimemuua kwa mikono yangu," akajisemea, na machozi yakamtoka palepale.

Akamwapisha kaka yake, akamwapisha Miraji: Shemsa asijue. Mwenye mimba haambiwi mambo kama hayo. Gazeti akaliomba, akalificha chini ya godoro lake, utasema habari ikilaliwa itapoa. Na katika nyumba ile nzima, aliyesoma skuli ya serikali, mwenye kuzimaliza herufi za Kizungu kwa pumzi moja, alikuwa huyo huyo Shemsa.

Jodari akakoma. Ikawa mchicha, ikawa kunde. Shemsa akiuliza, Bi Wanu hujibu, "Sokoni hakuna," na kugeukia jikoni, maana akilitazama lile tumbo atalia.

Alhamisi asubuhi Shemsa akaingia kubadilisha mashuka. Bi Wanu alipomfuata alimkuta kakaa kitandani, gazeti mkononi, anasoma.

"Nisamehe, mwanangu!" Bi Wanu akaanguka chini. "Mie sikujua! Nnakulisha sumu na mimi nacheka!"

"Sumu gani, mama?"

"Hiyo hapo! Mjomba wako kaisoma yote!"

Shemsa akaisoma upya, kwa sauti. Bomu. Wavuvi wa Kijapani. Jodari kufukiwa. Bi Wanu akaziba masikio, lakini Shemsa hakunyamaza: wataalamu wamepima tena, bahari za upande wetu salama, watu wale samaki bila ya hofu. Basi. Habari ikaishia hapo.

"Mbona Mwalim kaanza na salama?" Bi Wanu akauliza.

Shemsa akaitazama karatasi. Habari ilipangwa safu mbili, ubavu kwa ubavu. Kicheko kikampanda, akalishika tumbo. "Kaanza safu ya mkono wa kulia, mama! Kaisoma kama kitabu cha Kiarabu!"

"Ala! Msabah!" Bi Wanu akaruka. "Siku tatu maji hayanipiti! Na uzee wote ule! Mpiga chapa kakosea, eti! Ngoja aje kutaka kahawa kwangu!" Akacheka, akalia, akamshukuru Mungu, akamtukana kaka yake tena. Mwili wote ulikuwa mwepesi.

Alipotulia akaona Shemsa hacheki.

"Na mie siku tatu maji hayanipiti," Shemsa akasema. "Hunitazami usoni. Chakula changu mmeacha kunipikia. Nikajua mshaona mimba hii nayo itanitoka, mnajitenga mapema."

Bi Wanu akapanda kitandani, akamvuta kichwa akakilaza mapajani mwake. 

"Mwenye kusoma humu ndani ni weye," akasema, "na tuliyemficha ni weye. Hatukufichi tena, mwanangu. Likija la kheri, likija la shari, tutakaa nalo pamoja."