Maiti Anayepumua

Kila Jumapili saa tisa alasiri, watu wanne wenye akili timamu, au tuseme wenye vyeti vinavyodai hivyo, tulikutana kwenye karakana ya fundi wa makochi kutazama filamu mbaya. Sisemi filamu za zamani tu, wala filamu za watu wasio na uwezo. Nasema mbaya, zile ambazo hata waliozitengeneza wakiulizwa hujitia hamnazo.

Mahali penyewe palishinda majumba mengi ya sinema. Makochi ya wateja yalikuwa yamepangwa yakisubiri vitambaa, mengine yamevuliwa nguo kabisa, springi nje, na kila mtu alichagua kiti kulingana na uvumilivu wa makalio yake. Hewa ilinuka gundi na sponji mpya. Televisheni ilikaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na chini yake mashine ya kanda za video, ambayo Fundi aliifufua mwenyewe kwa bisibisi na dua.

Mbali na Fundi, alikuwepo Mwalimu, mstaafu wa hesabu, aliyekuja na daftari na kuandika kila kosa kwa namba kama anasahihisha mtihani wa taifa. Alikuwepo Sista, muuguzi wa wadi ya upasuaji, ambaye hakuweza kuvumilia kuona mtu anakufa kinyume cha utaratibu. Na mimi, msoma prufu wa kiwanda cha uchapaji, ninayetafuta makosa ya wenzangu siku sita, na siku ya saba napumzika kwa kutafuta mengine.

Siku moja mjane mmoja alileta kochi lake la watu watatu libadilishwe kitambaa. Fundi alipolipasua chini akakuta kanda ya video imefungwa kwenye foronya. Akampigia simu mwenye kochi. Yule mama akamwambia kwamba marehemu mumewe ndiye aliyecheza kwenye filamu hiyo, na ndiyo maana yeye aliificha ndani ya kochi; basi Fundi aitupe. Fundi ni mtu asiyetupa kitu, hasa kitu alichoambiwa akitupe.

Mwanzo wa kanda ulikuwa umeliwa na unyevu, kwa hiyo jina la filamu hatukulijua. Tuliiita Ile ya Maiti. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: tajiri mmoja ana mke mzuri na pacha mbaya. Pacha anamuua mke, tajiri anaapa kulipa kisasi. Marehemu, yaani mume wa yule mjane, alicheza mapacha wote wawili, na ili tusichanganyikiwe, yule mbaya aliwekewa masharubu. Utaratibu huo ulidumu mpaka onyesho la nne, masharubu yalipohamia kwa yule mwema bila hata kuaga.

Tuliitazama Jumapili saba mfululizo. Kuitazama hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuijadili. Filamu ilikuwa ya saa moja na nusu, mjadala ulikula saa tatu. Mwalimu alipima zile mbio za magari na kuthibitisha kwamba gari moja lilipita kwenye kibanda kilekile mara tisa, na mara ya sita lilikuwa linasukumwa na watu. Fundi alikula kiapo kwamba joho la hakimu ni pazia, kwa sababu aliona vikulabu vyake kwenye mabega. Mvua ilinyesha kwa hasira upande mmoja wa ua, upande wa pili nguo zilianikwa zikakauka. Sista naye alikuwa na nadharia yake, kwamba muuaji hakuwa pacha hata kidogo, bali daktari, maana daktari anayempima mgonjwa mapigo ya moyo kwenye goti hahitaji msaada wa mtu mwingine kuua.

Lakini kipenzi chetu kilikuwa maiti. Mke wa tajiri alilala sakafuni dakika nne nzima, na dakika zote hizo kifua chake kilipanda na kushuka kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Kisha, katikati ya kilio cha mumewe, maiti akameza mate. Tulirudisha nyuma pale mara nyingi mpaka mashine ikaanza kulalamika. Mwalimu aliliandika kosa hilo kwa wino mwekundu, namba ishirini na nane, kati ya makosa arobaini na moja. Tulijivunia arobaini na moja hiyo kama watu waliogundua dawa.

Sasa, nyumbani naishi na Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Alifanya kazi masjala miaka thelathini, akasimamia mafaili ya watu wazima wakamwogopa kama watoto. Kwa maoni yake, mtu mzima kushinda Jumapili nzima kutazama upuuzi ni ugonjwa, na huo ugonjwa nimeurithi upande wa mama. Hakuwahi kukanyaga karakanani.

Jumapili ya nane alikanyaga. Nilikuwa nimeondoka na funguo za nyumba mfukoni, yeye akabaki nje kama mchuuzi. Alifika amevaa sura ya siku ya ukaguzi, akanyoosha mkono kudai funguo. Mimi nikawa napapasa mifuko. Fundi, kwa heshima, akainuka kuzima televisheni, lakini akabonyeza kitufe kisicho, picha ikaganda. Ilikuwa palepale pa maiti.

Shangazi aliitazama ile picha. Mkono wake ukabaki hewani. Mwalimu, ambaye hakujua kusoma dalili za hatari, akamweleza kwa ufasaha kuhusu kosa namba ishirini na nane.

"Sikumeza mate," Shangazi akasema. "Aliniingia inzi mdomoni."

Nilimtazama Shangazi, nikaitazama televisheni, nikamtazama tena Shangazi. Ukiondoa miaka thelathini na minne na miwani, pua ilikuwa ileile. Mimi, bingwa wa kuona nukta iliyokosewa kwenye ukurasa wa mia mbili, nilikuwa nimeitazama pua ya shangazi yangu Jumapili saba bila kuitambua.

Akaketi. Alichagua kochi lenye springi nje, na hakuonekana kulihisi. Akatueleza yote, taratibu, kama anasoma faili.

Aliyetengeneza filamu alikuwa kijana mpiga picha, mwenye kamera ya kukodishia harusi. Mwenye gari na nyumba alikuwa huyo marehemu, na kwa kuwa vyote vilikuwa vyake, nafasi zote kubwa nazo zikawa zake. Shangazi, wakati huo mpiga chapa wa miaka ishirini na miwili, alichaguliwa awe mke, naye alipaswa kuishi mpaka mwisho wa filamu na hata kutoa hotuba mahakamani.

"Nilikuwa mhusika mkuu mpaka nilipouliza swali," alisema. "Niliuliza, kama hawa ni mapacha na mimi ni mke, nitashindwaje kumtambua mume wangu kwa sababu ya masharubu? Kesho yake nikaambiwa nimeuawa."

Sista alicheka mpaka akashika ubavu. Shangazi hakucheka. Akaendelea kusema kwamba filamu ilionyeshwa mara moja tu, kwenye ukumbi wa mikutano, kwa televisheni mbili za kuazima. Watu walikaa kwa adabu mpaka pale maiti alipomeza. Hapo mtu mmoja akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukafuata, haukunyamaza tena. Mpiga picha aliinuka akatokea mlango wa nyuma. Hakutengeneza filamu nyingine maisha yake yote. Kila aliyemuuliza alimjibu kwamba kicheko kile kilimkata maini.

"Aliyeanza kucheka ni mimi," Shangazi akasema.

Nikaelewa basi kwa nini picha zake zote za vitambulisho alikwenda kuzipigia ng'ambo ya mji, wakati studio ya yule mpiga picha iko mitaa miwili tu kutoka kwetu. Miaka thelathini na minne alikuwa anazunguka kuukwepa mtaa mmoja. Akachukua funguo zake, akaondoka, na hakuna aliyethubutu kurudisha kanda nyuma.

Alhamisi ya wiki ile akaniambia nimpigie pasi gauni la kijivu. Alikwenda studio, akarudi baada ya nusu saa, akasema Jumapili tutakuwa na mgeni, na kwamba atakayecheka atamjua yeye ni nani. Ujumbe huo niliufikisha kwa wenzangu neno kwa neno, pamoja na sura.

Mgeni alikuja kwa wakati. Mzee mwembamba, koti limepigwa brashi, vidole bado vina ule mtindo wa kumgeuza mtu kidevu kabla ya picha. Fundi alimpa kochi pekee lililokamilika. Shangazi akakaa mbali naye, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kutoa ushahidi. Tukaiweka kanda.

Sijawahi kuona watu wanne wakiteseka namna ile. Tulijikaza kisabuni. Masharubu yalipohama, Mwalimu alitazama dari. Mbio za magari zilipoanza, Sista aliuma kitambaa. Fundi alitoka mara mbili kwenda kutafuta nyundo ambayo alikuwa ameishika. Na maiti alipomeza inzi wake, mimi nilijifinya paja mpaka likawa na alama siku tatu.

Filamu ilipoisha, tukaanza kusifu. Tulisifu kama wafanyakazi walioalikwa kwenye harusi ya binti wa bosi. Mwalimu alisema mbio zile zilikuwa na mpangilio wa kihesabu. Sista alisifu ujasiri wa daktari. Fundi alisema kitambaa cha joho la hakimu kilikuwa kizito, cha kudumu. Mimi nilisema kazi ilikuwa na upekee, neno ambalo kiwandani kwetu tunaliweka pale tunapokosa la kusema.

Mzee alitusikiliza akitikisa kichwa. Kisha akavua miwani.

"Nimeambiwa hapa kuna watu wanajua kutazama," akasema. "Mbona hamjaona kitu?"

Mwalimu hakuweza kuvumilia tusi hilo. Akatoa daftari, akamkabidhi. Mzee alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akinyanyua nyusi hapa na pale. Alipomaliza akatuuliza, kwa upole wa mtu anayewahurumia wanafunzi wazito, kama hatukuona kwamba hakimu na marehemu baba wa tajiri ni mtu mmoja. Kama hatukuona kwamba mazishi yanafanyika kabla ya kifo. Kama hatukuona kwamba yule mtoto anayelia mwanzoni si mtoto, ni mto umefungwa kanga, na kilio ni cha paka wa jirani. Akahesabu mengine hivyo mpaka hamsini na sita. Mwalimu aliyaandika yote chini ya yale yake, sijui kwa fedheha au kwa furaha. Sisi tulikuwa tunacheka sasa, tunacheka mpaka machozi, na mzee ndiye aliyekuwa anatuongoza.

Ni Shangazi tu ambaye hakucheka. Alisubiri tupoe, akasimama.

"Kile kicheko cha kwanza ukumbini," akamwambia, "kilikuwa changu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Najua kilikuwa chako, bibie. Nilikitambua."

"Na ukaacha kazi uliyoipenda kwa ajili yangu."

Mzee akaanza kupangusa miwani ambayo ilikuwa safi. Aliipangusa muda mrefu. Hatimaye akasema kwamba alitoka mlango wa nyuma ili naye akacheke, kwa sababu mwenye gari alikuwa amekaa ubavuni mwake, analia. Yule bwana alilia kwa uchungu wa kweli filamu nzima, na ilipoisha akamfuata nje, akamkumbatia, akamwambia kwamba watu walicheka kwa kuwa hawajazoea sanaa. Akataka sehemu ya pili ianze mwezi uleule.

"Alitaka wawe mapacha watatu," mzee alisema. "Ningefanya nini? Nikamwambia kicheko kimeniua moyo, siwezi kushika kamera ya filamu tena. Akaniamini. Ikabidi niwaambie watu wote hivyohivyo, maana mji ni mdogo."

Shangazi alisimama pale bila kupepesa. Nilijua hesabu anayoipiga: kila picha ya kitambulisho, kila mzunguko wa ule mtaa, jua na mvua, kwa sababu ya uongo wa kumkwepa mtu mmoja mwenye gari.

"Uliniua mara mbili," akamwambia.

Mzee akainamisha kichwa, akaomba radhi yeye sasa. Shangazi alikwenda akavuta kiti cha Fundi cha kushonea, akakiweka katikati ya karakana, akamwamuru akae hapo. Kisha akamwambia Mwalimu afungue daftari aanze kusoma makosa yote, namba moja mpaka tisini na saba, na mwenye nayo aeleze moja baada ya jingine alikuwa anafikiri nini. Yeye mwenyewe akakaa kwenye kochi la mgeni.

Hukumu hiyo ilianza mara moja. Kosa la kwanza lilikuwa kivuli cha kamera ukutani, na utetezi ulichukua robo saa. Shangazi alikataa majibu matatu, akakubali moja kwa masharti. Kufikia giza tulikuwa namba kumi na saba. Mzee alikuwa na jasho, na sijamwona mtu mwenye jasho akiwa na furaha kiasi kile. Fundi alipotaka kufunga, ikakubaliwa kwamba shauri litaendelea Jumapili ijayo, na kwamba mshitakiwa aje na picha zozote za wakati ule alizonazo.

Tulirudi nyumbani mimi na Shangazi kwa miguu. Tulipofika kwenye ngazi za jengo letu, ghorofa ya pili, akasimama, akashika ukuta.

"Mapacha watatu," akasema.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi na gauni lake la kijivu, akanipiga bega, akajaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena. Jirani wa mlango wa kushoto akatoka na taulo shingoni kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia upo, lakini ni wa zamani.